Kumbi za mapumziko kwa kongamano kubwa Kisumu: wajumbe wataketi au watapita tu?

Mratibu, Milimani
Hamjambo wenzangu. Kamati yetu inaandaa kongamano la siku tatu hapa Kisumu, na tumepewa vyumba vitatu pamoja na uwanja wa nyasi ambako wajumbe watapumzika baina ya vikao. Wanakamati wanapendekeza kila chumba kiwe na sura yake: Ziwa Victoria, msitu wa Kakamega na flamingo wa Nakuru. Tufanyeje ili watu waketi humo na kuzungumza, badala ya kupiga picha na kwenda zao?

Fundi wa Dunga
Dada Mratibu, anzeni na viti kabla ya mapambo ya ukutani. Chumba cha ziwa kiwekewe mikeka ya mafunjo na viti vilivyosukwa kwa magugu-maji yaliyokaushwa, maana mmea huo uliolisumbua ziwa letu tangu miaka ya 1990 una mengi ya kusimulia kwa mgeni anayeukalia. Viti vinne au vitano vizunguke meza fupi. Watu wakipangwa safu safu kama abiria wa matatu hawasemezani. Tafadhali sana, majiko ya chai yawe mbali, kwani mafunjo makavu hushika moto upesi.

Mwenye Mahema
Mimi nahofia uwanja wa nyasi. Mchana upepo hutoka ziwani, na jioni mvua ya radi si jambo geni, kwa hiyo hema liwe wazi upande wa ziwa lakini liwe na turubai la kuteremshwa mara moja, pia kwa sababu jua la alasiri huingia upande huohuo. Tandikeni sakafu ya mbao yenye mteremko mlangoni, ili kiti cha magurudumu kisikwame kwenye tope.

Mkaazi wa Nakuru
Sikubaliani na flamingo wa mapambo. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda katika miaka ya 2010, magadi yalipungua nguvu, mwani wanaoula ukapungua, na wengi wao wakahamia Bogoria. Tundikeni ramani mbili za ziwa, ya zamani na ya sasa, kisha mwalikeni mtaalamu aketi hapo wakati wa chai ajibu maswali. Wajumbe wanaotoka miji ya kando ya maziwa hawatahitaji kusukumwa kuingia. Chumba cha Kakamega kiacheni kiwe cha utulivu, simu zisilie humo, na soketi za kuchajia ziwe nje, kwenye baraza.