Naomba ushauri: dada yangu aingie kwenye rejista ya wagonjwa?

Habari zenu ndugu. Dada yangu anaishi Ujerumani, ana skleroderma, ule ugonjwa wa ngozi kukakamaa. Baridi ikizidi vidole vyake hugeuka vyeupe, kisha bluu. Sasa kidole cha shahada kina kidonda nchani, kidogo kama punje ya mtama, lakini hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Usiku analia.

Daktari amempa fomu ya kukubali taarifa zake ziingizwe kwenye rejista ya EUSTAR, inayokusanya wagonjwa hawa kutoka nchi nyingi. Anasita, anaogopa kufanyiwa majaribio. Mimi naona asaini. Ugonjwa huu ni adimu mno, hospitali moja haipati wagonjwa wa kutosha kujua nani atatokwa na vidonda tena. Na dawa habadilishiwi: anatibiwa kama kawaida, wao wanaandika yanayotokea. Ulaya walishafanya hivyo kwa vidonda hivi hivi kwenye rejista ya DUO, kuanzia 2008, baada ya dawa ya bosentani kuruhusiwa kwa vidonda hivyo. Dawa hiyo hupunguza vidonda vipya, ila haikuonyesha kuharakisha kupona kwa vilivyopo.

Mliowahi kuingia, nisaidieni: wanauliza pia kuhusu kupika, kufua, kushika kalamu, au wanahesabu vidonda tu? Aliyetaka kujitoa aliruhusiwa bila usumbufu? Na fomu ya Kijerumani cha kitabibu mlisomewa na nani? Miadi yake ni Jumatano.