Giaboksi ya PX 200 ndani ya Vespa PX 150

Swali: Assalaam alaykum, mafundi. Gia ya pili ya skuta yangu ya Vespa PX 150 huchomoka nikipanda vilima vya Wete. Je, nifunge giaboksi na klachi ya PX 200?

Jibu: Waalaykum salaam. Klachi hiyo ina uwiano mrefu wa gia (mwendo zaidi lakini nguvu kidogo ya kupanda) uliokusudiwa injini yenye nguvu zaidi, nayo itakuelemea vilimani hapa Pemba. Tazama kwanza msalaba unaochagua gia, kwani kona zake zikishalika, gia huchomoka.

Jibu: Naafikiana na Maalim aliyejibu hapo juu. Ukishafungua injini, pima mwanya wa gia, uwe milimita 0.15 hadi 0.40, ukiurekebisha kwa washa (pete bapa ya chuma), na ubadilishe sili (pete ya kuzuia mafuta yasivuje) ya upande wa klachi, maana ikivuja injini hunyonya mafuta ya gia na kutoa moshi mzito.

Muulizaji: Ahsanteni, nitaagiza msalaba na sili.