Mkwaju wangu mdogo: nichague mtindo gani, na mkasi uanzie wapi?

Ipagala_Bustani
Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, nina mkwaju nilioupanda kwa mbegu, umefika kama sentimita 60 na shina lina unene wa sentimita moja na ushee. Upo kwenye ndoo ya rangi ya lita 10 niliyoitoboa chini. Nataka uwe bonsai, ule mti mdogo wa chunguni unaoonekana kama mti mkubwa. Nimetazama video hadi kichwa kinaniuma: huyu anasema usimame wima, huyu anasema uinamishwe, mwingine anataka uning'inie nje ya chungu kama maporomoko. Shina langu limenyooka. Kwenye sentimita 15 hivi kuna tawi la kushoto, juu yake kidogo kuna la kulia, halafu ni fimbo tupu mpaka kileleni. Mkasi ninao, waya wa alumini ninao, na chungu kifupi cha bluu kizuri mno nimeshanunua. Nianze na kipi?

Chuma_cha_Pua
Kata kilele dada, mengine yatajipa. Miti haina makuu hivyo.

Mzee_wa_Pangani
Bwana Chuma, kilele kitakatwa, lakini si popote na si leo.

Mwanangu wa Ipagala, chungu cha bluu kiweke kabatini kwanza. Shina hunenepa pale mizizi inapopata nafasi na majani yanapokimbia yatakavyo. Ukiuhamishia sasa kwenye chungu kifupi, utabaki na kijiti ndani ya chombo cha bei. Uache kwenye ndoo.

Mtindo. Maporomoko, ambayo Wajapani wanaita kengai, ni picha ya mti uliong'ang'ania jabali huku theluji ikiuelemea. Msonobari unapendeza hivyo. Mkwaju wewe umeuona tangu utoto: shina fupi nene, matawi mazito yanaanzia chini, taji la mviringo, ncha zinalegea kidogo. Fuata hilo. Kuna pia mtindo wa taji bapa kama la mgunga, ambao Afrika Kusini wanauita Pierneef kwa jina la mchoraji wao, lakini huo waachie wenye migunga.

Kwa hiyo umebaki na viwili: ufagio, hokidachi, wenye shina lililonyooka na matawi kutawanyika kutoka sehemu moja, au moyogi, wima wenye mikunjo. Mimi kwa shina lako ningechukua moyogi. Ufagio unaonekana rahisi, ila kila tawi lililokaa vibaya linaonekana waziwazi, na matawi yako mawili hayajatoka usawa mmoja.

Mkunjo hatuupati kwa waya. Tunaupata kwa mkasi. Wachina wa Guangdong, wale wa mtindo wa Lingnan, ndio mabingwa wa kazi hii: kata, acha ikue, kata tena. Utakata shina juu ya lile tawi la kulia, ukiacha kisiki cha kama sentimita 3, maana jeraha hukauka kushuka chini na hutaki ukavu ufike kwenye tawi. Kisiki utakisawazisha baadaye. Chipukizi zitatoka kadhaa. Chagua moja inayoelekea kushoto, kinyume cha tawi la kulia, zilizobaki zitoe zikiwa bado laini. Hiyo uliyochagua iache ipande hadi kitako chake kikaribie unene wa shina chini yake, ndipo uikate tena fupi, juu ya kifundo, pale jani linapochomoza, kinachotazama upande mwingine. Kila kipande kiwe kifupi na chembamba kuliko kilicho chini yake. Hapo ndipo mti mdogo unaanza kuonekana mzee.

Yale matawi mawili usiyaguse sasa. La chini hasa liache lirefuke hata likikuudhi, litakunenepeshea kitako.

Kipupwe usikate. Huko kwenu ngoja mvua za Desemba zikaribie na macho ya mti, yaani pale chipukizi zinapotokea, yaanze kuvimba.

Ipagala_Bustani
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Ila nimefukua udongo wa juu kidogo, nimeona mzizi mmoja mnene unashuka moja kwa moja, ya pembeni ni nyuzinyuzi tu. Halafu jioni majani yanajikunja yote, unaumwa?

Mzee_wa_Pangani
Marahaba. Majani ya mkwaju hulala usiku, asubuhi yataamka.

Huo mzizi ni mzizi mkuu, na kwenye chungu kifupi hautakuwa na pa kukaa. Utafupishwa, ila si siku moja na shina. Mti ukikatwa juu na chini kwa mpigo unaweza kukufia. Shina mwaka huu. Msimu ujao utoe kwenye ndoo, kata mzizi mkuu theluthi, tandaza zile nyuzinyuzi pande zote, urudishe kwenye udongo wenye changarawe nyingi. Zinenepe, maana mizizi inayoonekana juu ya udongo ndiyo itakayokuambia upande upi ni uso wa mti.

Chuma_cha_Pua
Na waya aliokwisha nunua aanikie nguo?

Mzee_wa_Pangani
Aufunge kwenye chipukizi changa za pembeni, kwa mshazari wa nyuzi 45, akitaka ziinuke au zilale. Mti wa mkwaju ukishakomaa ni mgumu, haukunjiki. Na aukague kila wiki mvua zikianza, chipukizi hunenepa haraka na waya huzama kwenye gome. Ukianza kubana, aukate vipande kwa koleo, asiufungue kwa kuuzungusha.