Kupe na homa zake kwa mbwa: tupeane uzoefu

Wakuu, wanaofuga mbwa tuweke hapa dawa, vipimo na makosa yanayofanya kupe wasiishe. Na wale wanaojua homa zake watuongoze.

Banda la Nyuma
Mnapambana na mbwa wakati kupe wako ukutani. Kupe wa kahawia wa mbwa ananyonya, anadondoka, anajificha na kujivua ngozi, kisha anarudi. Jike akishiba hupanda juu na kutaga maelfu ya mayai nyuma ya lipu iliyobanduka au kwenye maungio ya mbao. Ndiyo maana unaogesha Jumamosi, katikati ya wiki wamejaa tena. Ziba nyufa kwa saruji, choma magunia anayolalia mbwa, pulizia dawa ya kupe kutani mpaka usawa wa dari, si sakafu tu. Rudia baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai mengi hunusurika. Mbwa asirudi bandani mpaka pakauke.

Mzee wa Josho
Amitrazi (dawa ya maji ya kuogeshea, inaua kupe) ya asilimia 12.5: mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Pima kwa bomba la sindano. Habari za "kifuniko kimoja" ndizo zinazoua mbwa. Muoshe kwa sabuni kwanza, maji yachuruzike, kisha lowesha mpaka ngozini. Katikati ya vidole pitisha sponji, masikio yafute kwa kitambaa bila kumwagia ndani. Usisuuze. Akaukie kivulini na asijilambe. Iliyobaki usiitunze, inapoteza nguvu. Wenye mimba na watoto chini ya miezi minne, hapana. Akisinzia kupita kiasi na mwili ukapoa, wahi daktari.

Paka Watatu
Naongezea: amitrazi haimfai paka, na pamethrini (dawa nyingine ya kupe) ya mbwa inamuua. Akianza kutetemeka na kutoa mate, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkimbize kliniki.

Darubini
Sasa homa. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi ukiwa mweupe na mkojo una rangi ya chai ya rangi, shuku babesia, kimelea cha damu kinacholetwa na kupe. Damu ikitoka puani au madoa mekundu yakionekana tumboni, shuku zaidi ehrilikia, bakteria anayeletwa na kupe. Mbwa mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili, kwa hiyo omba kipimo cha damu kabla ya dawa. Kwa babesia, tone la ncha ya sikio huonyesha vizuri kuliko la mshipa mkubwa.

Ehrilikia hutibiwa kwa doksisaiklini, miligramu 10 kwa kilo kwa siku, siku 28. Mbwa wa kilo 20 ni vidonge viwili vya miligramu 100, pamoja na chakula. Tatizo ni kwamba siku ya tatu anakula na kubweka, mwenye mbwa anaacha dawa, vimelea vinabaki na baadaye uboho unaacha kutengeneza damu. Babesia hutibiwa kwa imidokabu ya sindano, kazi ya daktari.

Geti Jeusi
Vipi diklofenaki ya kushusha homa wakati tunasubiri majibu?

Darubini
Usithubutu, wala asprini. Chembe za kugandisha damu tayari zimepungua. Utamwongezea kuvuja damu tumboni. Mpe maji, mlaze kivulini, umpeleke leo hii.