Tupeane uzoefu: Michezo ya baridi iliyokuacha mdomo wazi nawe uko zako Dodoma juani

Kinyozi wa Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu.

Nina kijisaluni changu cha kiume huku Nkuhungu, na humo ndani kuna runinga moja ambayo kazi yake ni mpira tu. Sasa Februari 2018, Jumamosi ya tarehe 24, asubuhi hakuna mechi, rimoti iko kwa mteja. Akabonyeza weee mpaka akaangukia kwenye barafu. Wanaume wazima, mmoja anasukuma jiwe, wawili wanafagia mbele yake mbio mbio kama wamesikia mkaguzi wa afya yuko getini. Saluni nzima kicheko. Bibi mwenye nyumba, aliyekuja kuulizia kodi, akasimama mlangoni akasema: "Hiyo pasi ya mkaa wanampelekea nani?"

Na kweli. Liangalie lile jiwe: zito, mviringo, mpini juu. Pasi ya mkaa kabisa.

Mchezo wenyewe unaitwa kalingi. Nilikuwa na kichwa cha mteja nimekinyoa upande mmoja, nikasema ngoja nione kidogo. Ilikuwa fainali ya Olimpiki ya Pyeongchang, Marekani na Sweden. Mtangazaji alikuwa mtu wa kueleza, kwa hiyo taratibu nikaanza kuelewa. Jiwe lina karibu kilo 20, yaani debe la mahindi. Kule kufagia si mbwembwe: kunapasha barafu kidogo, jiwe linakwenda mbali zaidi na linapunguza kupinda. Kila timu inarusha mawe manane kwa raundi, halafu anayehesabiwa pointi ni upande mmoja tu, ule wenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha duara lililochorwa kwenye barafu. Mwingine anaondoka na sifuri hata kama mawe yake yamejaa uwanjani. Ndiyo maana jiwe la mwisho ni mali. Kuna wakati timu inakubali raundi iishe bila pointi ili tu ibaki na jiwe la mwisho kwenye raundi inayofuata. Uchoyo wa akili huo.

Hao Wamarekani wa John Shuster walianza vibaya, wameshinda mbili wamepoteza nne, begi liko mlangoni. Wakashinda mechi zote zilizofuata mpaka fainali. Raundi ya nane wakiwa 5-5, Shuster akarusha jiwe la mwisho, likagonga mawili ya Sweden yakatoka, yakabaki ya kwake matano. Pointi tano kwa mpigo! Raundi ya kumi hata haikuisha, Waswidi wakakubali wenyewe, wakapeana mikono. Huo utaratibu nao umenishinda: mwamuzi hajapuliza filimbi, aliyeshindwa anajisemea basi imetosha. Hebu waza kwenye mechi ya watani wa jadi.

Jukwaani wakapewa medali zilizoandikwa za wanawake, ikabidi zibadilishwe. Mteja wangu naye alikuwa bado na nywele upande mmoja.

Leteni zenu. Sharti langu: usilete matokeo matupu, sema ulikuwa wapi na kanuni gani ya ajabu uliyojifunza.

Rimoti Yangu

Ligi ikisimama watu wanaangalia mpaka watu wanaodeki. Nakaa siti ya mbele.

Binti Makulu

Yangu ni wiki moja kabla ya hiyo ya kinyozi, tarehe 17, Olimpiki hiyo hiyo. Jumamosi pia, saa moja asubuhi hivi. Nilikuwa nimepanga chumba na dada mmoja, yeye king'amuzi chake kilikuwa na michezo yote. Tunaangalia kina mama wanashuka mlimani kwa skii, zile mbao mbili ndefu za miguuni, ile wanaita Super-G.

Kanuni niliyojifunza: kwenye hii michezo ya kushuka, wakali wanashuka mapema, theluji ikiwa bado imara. Kila anayepita anachimba njia, kwa hiyo ukiwa namba za nyuma unashukia mashimo. Kama barabara ya vumbi baada ya malori ya mahindi. Basi Anna Veith wa Austria akawa mbele, wakubwa wote wameshapita, watu wakaanza kumpongeza. Mimi nikasikia bomba limeanza kukoroma uani. Wana Dodoma wa mgao mnajua, maji yakitoka hata ungekuwa unafunga ndoa unaomba ruhusa. Nikakimbia na ndoo.

Narudi, dada kashika mdomo. Mcheki mmoja, Ester Ledecká, namba 26, ambaye watu walimjua zaidi kwa ubao wa theluji, kashuka kampita Veith kwa sekunde 0.01. Yeye mwenyewe kasimama chini anaangalia ubao wa muda kama mtu aliyeingiziwa hela kimakosa, anasubiri warekebishe. Hawakurekebisha. Na skii alizovaa ziliwahi kuwa za Mikaela Shiffrin, Mmarekani. Mbele ya waandishi hakuvua miwani, kisa hakujiandaa kushinda, hana poda usoni.

Wiki iliyofuata akachukua dhahabu nyingine, sasa kwa ubao wake. Skii na ubao, Olimpiki moja. Hiyo ya pili niliiangalia yote. Maji yalitoka, nikayaacha.

Zabibu Kavu

Binti Makulu umeyaacha maji? Basi wewe ndiye shabiki wa kweli humu.

Boda wa Jamatini

Mimi sikuona moja kwa moja, niliona kwenye simu ya abiria tukisubiri mvua ipungue. Salt Lake City 2002, mbio fupi za barafuni, mita 1000, fainali watu watano. Mwaustralia Steven Bradbury yuko mwisho kabisa, na si kwa bahati mbaya. Ana miaka 28, ameshawahi kukatwa paja na kile kisu cha kiatu akapoteza damu nyingi, ameshawahi kuvunjika shingo mazoezini. Anajua hana mbio za wale vijana. Mpango wake: nikae nyuma, wakigongana nipite. Robo fainali alifuzu kwa sababu aliyekuwa mbele yake aliondolewa. Nusu fainali watu wakadondoka, akapita. Fainali, kona ya mwisho, wote wanne chini! Jamaa kaja peke yake, mikono juu, sura ya mtu anayeuliza "kweli mimi?" Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya baridi kwa Australia.

Na mjue hili: viatu alivyovaa Apolo Ohno, yule Mmarekani aliyetarajiwa kushinda, vilitoka kwenye kampuni ndogo ya Bradbury mwenyewe.

Tangu siku hiyo kwenye kipilefti sishindani na mtu. Wapite, wabanane, mimi nafuata nyuma. Abiria wangu wanafika.

Rimoti Yangu

Samahani mkuu, hiyo si kushinda, ni kuokota. Ledecká alishuka mwenyewe, kashindana na saa. Huyo wako kashindana na nani?

Boda wa Jamatini

Kashindana na walioanguka. Kusimama nako ni kazi, mkuu. Njoo siku ya mvua nikupakie.

Mwl Mstaafu, Mpwapwa

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Nami nina langu, ingawa lina aibu ndani yake.

Miaka ya nyuma nilipeleka watoto kwenye UMITASHUMTA. Nilikuwa na kijana wa mita 400, mwepesi kama swala. Nikasimama pembeni kwenye kona, nikampigia kelele: "Ingia ndani! Ingia ndani!" Nilidhani mbio zile zinaruhusu kuvunja mstari. Hazikuruhusu. Mtoto alinitii, akashinda kwa mbali, akaondolewa. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza.

Sasa mwaka 2014 mwanangu alinionyesha kwenye simu yake mbio za Vancouver za 2010, mita 10,000 za barafuni. Kule wanakimbia wawili wawili na kila mzunguko wanabadilishana njia, wa ndani anakwenda nje, wa nje anakuja ndani, ili umbali ulingane. Sven Kramer wa Uholanzi alikuwa anaongoza bila wasiwasi. Kocha wake, Gerard Kemkers, akachanganyikiwa, akamwonyesha aingie njia ya ndani wakati zamu yake ilikuwa ya nje. Kijana aliyumba kidogo, alikuwa amekwishaanza kwenda kule kulikokuwa sahihi, kisha akamtii mwalimu. Alimaliza na muda bora kwa zaidi ya sekunde nne, akainua mikono. Kocha akamfuata kumwambia. Nilimwomba mwanangu asimamishe picha hapo. Uso wa yule kocha ninaujua, niliuvaa mimi.

Dhahabu ikaenda kwa Lee Seung-hoon wa Korea Kusini. Kramer alishinda mengi mengine, lakini dhahabu ya mita 10,000 ya Olimpiki hakuipata kamwe. Hata hivyo aliendelea kufanya kazi na kocha yule yule.

Binti Makulu

Shikamoo mwalimu. Yule kijana wako yuko wapi siku hizi?

Mwl Mstaafu, Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Ni fundi wa magari Kibaigwa. Tukikutana ananiita "Ingia Ndani".

Zabibu Kavu

Nimecheka hadi nimemwaga chai.

Yangu fupi. Lindsey Jacobellis, Turin 2006, mbio za ubao. Yuko mbele peke yake, kilima cha mwisho kasoro kimoja akaruka akajishika ubao kwa madoido, akadondoka. Tanja Frieden wa Uswisi akapita. Jacobellis alisubiri miaka 16, dhahabu akaipata Beijing 2022 akiwa na miaka 36. Siku anaipata mimi nilikuwa Area C nasubiri barua ya ajira ambayo mtaa mzima nilishautangazia, na soda nilishanunua. Barua haikuja. Huyo mama nilimwelewa kuliko mtu yeyote duniani.

Afande wa Zamani

Tuliopita JKT mchezo wetu ni bayathloni. Unakimbia na skii, bunduki mgongoni, unafika unalenga vidoli vitano, yaani shabaha za duara, umbali wa mita 50. Ukilala chini kidoli kina milimita 45 tu, kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Ukikosa kimoja, kwenye mbio nyingi unazunguka adhabu ya mita 150. Asiyewahi kushika bunduki akiwa anahema hawezi kuelewa kwa nini bingwa kama Martin Fourcade wa Ufaransa mwaka 2018 alikosa medali kwenye mbio za kilomita 10. Kifua kinapiga, mtutu nao unapiga.

Mkimbiaji Singida

Wote mmeleta walioshinda. Mimi naleta wa mwisho.

Philip Boit, Mkenya, mkimbiaji wa mita 800, akapelekwa Finland kujifunza skii, akaingia Nagano 1998, kilomita 10. Akamaliza wa 92, wa mwisho kabisa. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, mfalme wa mchezo ule. Kashamaliza dakika 20 nyuma huko, angekuwa ameshavaa sweta anakunywa kitu cha moto. Kagoma kwenda kupokea medali. Kasimama pale mstarini mpaka Boit akatokea, akamkumbatia. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie.

Mimi niliwahi kukimbia nusu marathoni nikiwa na malaria sijui. Nafika mwisho, hema linakunjwa, maji yamekwisha, wameshapakia mpaka lile tao la mstari. Kijana mmoja aliyekuwa anakusanya viti akaniwekea kiti kimoja chini, akasema, "Kaa kaka, ulikuwa unakuja." Sijui jina lake hadi leo.

Rimoti Yangu

Hii imenikalisha kimya.

Kinyozi wa Nkuhungu

Narudi na taarifa ya nyumbani. Vijana wangu walisikia nikisoma uzi huu kwa sauti. Jana nimerudi nakuta barazani wamemwaga maji ya sabuni kwenye saruji, duara limechorwa kwa chaki, na pasi ya mkaa ya bibi mwenye nyumba inateleza katikati. Wawili na fagio za chelewa mbele yake wanafagia kama wendawazimu. Mama watoto anazitafuta fagio zake.

Bibi katoka ndani. Tukanyamaza wote. Akaiangalia pasi yake, akapandisha kanga, akainama, akaisukuma mara moja, polepole, kama mtu anayeisogeza karibu na nguo. Ikafika katikati ya duara ikasimama.

Akasema kodi ni tarehe tano, akaingia ndani. Vijana wanataka marudiano Jumamosi, ila pasi ameondoka nayo.