Naomba ushauri: kontakta (swichi ya sumaku) ya kinu cha posho inatetemeka mota ikiwaka

Habari ndugu mafundi. Kinu kipo Busia, upande wa Uganda. Mota ni ya fezi tatu, kilowati 7.5, inawashwa moja kwa moja bila sta-delta (kuwasha kwa hatua mbili ili mota ivute umeme kidogo mwanzoni). Koili ya kontakta (waya uliozungushwa unaofanya sumaku) ni ya volti 240.

Kabla ya kuwasha, koili inapata volti 226. Ukibonyeza kitufe inashuka hadi 178, kontakta inagonga trrrr, halafu inaachia. Najua koili inahitaji walau asilimia 85 ya volti zake, yaani volti 204, ili ivute chuma chote. Chuma kisipogusana sawasawa, koili hunywa umeme mwingi na kuungua. Kontakti (ncha zinazopitisha umeme wa mota) nazo hurusha cheche hadi zigandane. Hiyo ya kugandana ndiyo inayonitia hofu, maana mota haitazimika kwa kitufe.

Nyuso za sumaku nimezisafisha kwa kitambaa kikavu, na pete ya shaba iliyo kwenye sumaku (ya kuzuia mtetemo) haijapasuka. Waya ni milimita 2.5 mraba, mita 80 kutoka mita ya umeme.

Nianze na waya wa milimita 10 mraba, au sta-delta? Kibao cha mota kinasema 400/690, yaani volti 400 kwa delta na 690 kwa sta. Kulisha koili peke yake kwa volti 24 naona ni kuficha ugonjwa, au nakosea?