Huyu mwanamke mwenye nanga kanisani ni mtakatifu gani?

BintiMarangu:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Yorkshire, kazi yangu kutunza wazee, na Jumamosi nasaidia usafi kanisa la Kianglikana la hapa kijijini. Mimi Mlutheri wa Marangu. Madirisha yetu yalikuwa nondo na kioo cheupe, ukitazama nje unaona migomba. Hapa ni vioo vya rangi vya enzi ya Malkia Victoria, watu wamesimama humo toka juu hadi chini, na mzee ninayefagia naye kila wiki ananiuliza "huyu nani?" utadhani mtihani wa kipaimara.

Petro namjua kwa funguo, Paulo kwa upanga. Nimekwama pawili. Dirisha la kusini lina wanawake watatu: wa kushoto kashika msalaba, wa kati kazungukwa na watoto, wa kulia kaegemea nanga, nanga kabisa ya meli. Chini ya miguu yake pameandikwa SPES. Mtakatifu Spes nimemtafuta mpaka nimechoka!

Dirisha jingine kuna dada mwenye nywele ndefu za dhahabu, kashika kikombe, na ndani yake kinachungulia kinyoka chenye mabawa. Nilidhani Maria Magdalena na marhamu yake, ila kinyoka kimenishinda.

KatekistaMstaafu:
Binti yangu, Spes ni Kilatini, maana yake tumaini. Hao ni Imani, Upendo na Tumaini, 1 Wakorintho 13:13. Nanga imetoka Waebrania 6:19. Waingereza wa wakati huo waliwapenda sana kwenye madirisha ya kukumbuka marehemu. Soma maandishi ya chini kabisa.

Na huyo "dada" ni Mtume Yohana. Wachoraji humfanya kijana asiye na ndevu. Masimulizi ya kale yanasema alipewa sumu, akaibariki, ikatoka kikombeni kwa sura ya nyoka.

Mzee_wa_Leicester:
Katekista, taratibu. Wapo pia mabinti watatu wa Mtakatifu Sofia, wafia dini wa Roma, majina hayohayo.

KatekistaMstaafu:
Kweli, lakini hao huchorwa wasichana wadogo pamoja na mama yao. Hapa ni watu wazima, na Upendo ana watoto wake.

FundiVioo:
Dada, uso usikudanganye, anza na mikono. Karakana zile zilirudia mchoro uleule kanisa hili na lile, zikabadilisha kitu anachoshika tu. Halafu chungulia pembe za chini. Ukikuta mganda mdogo wa ngano, ni kazi ya Charles Eamer Kempe. Mganda ukiwa na kamnara keusi, ni baada ya yeye kufa mwaka 1907, karakana ilipokuwa chini ya jamaa yake Walter Tower. Tower si ndiyo mnara! Na ukipiga picha zima flashi, kioo hiki huangaza kwa mwanga wa nyuma.

BintiMarangu:
Asanteni. Mganda upo, nyuma ya chombo cha maua, hauna mnara. Mzee nilipomwambia Yohana alicheka, kumbe alikuwa anajua siku zote. Sasa kanionyesha mwanamume mwenye kisu kipana. Huyo nimemjibu papo hapo, Bartolomayo, aliyechunwa ngozi.

Ila jamani, mdogo wangu anaitwa Tumaini. Miezi minane nafuta vumbi chini ya jina lake.